Siku Kifaru Alipopiga Goti Bariadi

Juzi mlinijia hapa barazani, vijana wa matangazo, na gari lenu lenye spika kubwa kama kabati. Mkaniuliza: "Babu, tukileta pambano la ngumi za uzito wa juu hapa Bariadi, uwanja utajaa?" Nami nikawauliza, mpinzani mmemwona? Mkatazamana. Mmoja wenu akatoa simu akanionyesha picha ya mtu mnene amekunja ngumi. Mimi nilisema mmemwona, sikusema mmemwona kwenye simu. Picha hata mimi ninayo moja nimevaa suti, na suti sijawahi kuwa nayo.

Mliondoka mmenuna kidogo, mkidhani babu amezeeka na hapendi maendeleo. Basi nimekaa nikaona niwaandikie, maana nimetangaza kwa miaka mingi kuliko umri wa mkubwa wenu, na swali hilohilo nimewahi kuulizwa na mtu mzima aliyevaa miwani ya jua.

Nianze na kazi yenyewe. Mimi nilianza na kipaza sauti cha mkono, betri ya gari imefungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira. Zamani tulitangaza vitu vya serikali na ushirika tu: ng'oeni maotea ya pamba, leteni watoto chanjo, mkutano kesho. Hakuna aliyeuliza kama watu watajaa, kwa kuwa walikuwa wanaletwa. Kisha ikaja enzi ya ruksa. Kila mtu akawa na chake cha kuuza. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na mizani yao, mitumba ikaja, video zikaja, waganga wakaja na mabango. Sisi wa kipaza sauti tukapata kazi nyingi, lakini watu nao wakapata akili ya kutilia shaka kila kitu, na nawaambieni hawakukosea.

Aliyenifundisha ni marehemu Mzee Nkwabi, mtangazaji wa zamani aliyekuwa na sauti ya kufika ng'ambo ya mto. Alinifundisha nisitangaze nikiwa nimeshiba, kwa kuwa sauti ya aliyeshiba huwa na dharau ndani yake. Alinifundisha nisinywe chai ya maziwa kabla ya kazi, ninywe maji ya uvuguvugu na asali. Na siku ya mnada nisisimame karibu na nyama choma, hapo hata malaika akitangaza hasikilizwi. Siku moja yeye mwenyewe alikubali kutangaza bendi kutoka mbali bila kuiona. Siku ya siku gitaa lilifika, mpiga gitaa hakufika. Mzee Nkwabi alikaa miezi akipita njia za nyuma, na watoto wakimwona wanapiga gitaa hewani. Tangu hapo alikuwa akisema, shika mkono wa mtu ndipo utangaze jina lake.

Kingine alichonifundisha ni kusoma watu. Umati una watu wa kuangalia na watu wa kuingia. Ukitaka kuwajua, tazama baiskeli. Anayeishika usukani huku anakusikiliza ni wa kuangalia, atacheka na wewe halafu ataenda zake. Anayeiegesha na kuifunga mnyororo huyo ataingia. Nyinyi siku hizi mnahesabu wanaowapigia honi barabarani, halafu mnashangaa uwanja mtupu.

Sasa yule bwana wa miwani. Aliitwa Festo, alitoka Mwanza, msimu wa pamba ukiwa umekwisha na watu wana chochote mfukoni. Wakati huo Simiyu haikuwa mkoa, tulikuwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga, na mtu wa Mwanza akishuka hapa anatembea kama amekuja kukagua. Alinikuta namwaga maji kwenye betri. Akasema anataka kuleta ngumi za uzito wa juu, kitu ambacho Bariadi haijawahi kuona, akaniuliza kama watu watajaa.

"Nani na nani?" nikamuuliza.

"Kifaru wa Tabora," akasema. "Mtu wa kilo mia na ushee."

"Na nani?"

"Mpinzani tunamalizana naye. Wewe niambie kwanza, watajaa? Nasikia watatoka hadi Lamadi."

Nikamwambia mvuvi wa Kalemela, kule karibu na Lamadi, hawezi kuacha nyavu zake aje kuona mtu mmoja akipigana na "tunamalizana". Akacheka, akavua miwani, akaipangusa. Mtu akivua miwani ya jua juani ili akujibu, jueni jibu halijawa tayari. Nikamwambia bila kuficha kwamba mabondia wawili wasiojulikana hapa hawajazi hata darasa. Watu wetu hawaendi kuona nguvu, nguvu wanaiona kila siku. Wanaenda kuona upande wao.

Nikaona ameinamisha kichwa anafikiri, nikajua nimesema zaidi ya nilivyotakiwa. Baada ya siku chache akarudi na jina la mpinzani. Alikuwa ni Limbu.

Limbu hamkumjua. Alikuwa mbeba mizigo kiwanda cha pamba, kijana wa watu wa Sola, Maswa, aliyekuja hapa kutafuta maisha. Robota la pamba ambalo watu wawili wanalihangaikia, yeye aliligeuza peke yake. Mpole, mcheshi, hajawahi kugombana hata na mbwa. Wakati ule kiwanda kilikuwa kimeanza kuchukua vibarua wa siku moja moja, na wasimamizi wapya walikuwa wanawaita "wewe" na "yule". Limbu alifanya kazi pale miaka na msimamizi hakujua jina lake. Festo alimwambia jina lake litaandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Hapo alimpata.

Mkewe, Kabula, aliyekuwa akiuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mnadani, alinijia asubuhi kabla sijatoka.

"Mwangaluka, baba Ng'washi."

"Mwangaluka, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu," akasema, lakini hakukaa. "Nimesikia utamtangaza mume wangu."

"Nimeombwa."

"Usimtangaze. Sasa hivi ni maneno ya kwake na yule mtu wa miwani, anaweza kuyaacha. Wewe ukilitoa jina lake mnadani, hataweza kurudi nyuma. Unamjua. Atakwenda hata akijua anakwenda kufa."

Alikuwa amesema kweli. Kwetu jina likishapigiwa mbiu mbele ya watu, kujitoa ni aibu ya ukoo mzima. Mtoto wao wa kwanza alikuwa hajaanza kutembea. Nikamwambia nikikataa mimi, Festo atamchukua mtangazaji wa Maswa ambaye Limbu kwake ni jina tu, atampamba awe bingwa wa dunia. Mimi nitasema ukweli wote hadharani, labda watu wataona haya kwenda kumtazama mtu akiumizwa. Kabula akaniangalia.

"Watu gani hao wataona haya, baba Ng'washi? Hawa wa hapa?"

Akasema yeye hatakanyaga pale uwanjani, akaondoka bila kuaga. Niliumia, kwa sababu nilihisi yeye anawajua watu wa kwetu kuliko mimi niliyeishi kwa kuwasoma.

Nikaenda gesti kumwona huyo Kifaru, maana sikuamini kwamba yupo. Yupo. Alikuwa amekaa kitandani anazungusha kitambaa mkononi polepole, mtu mkubwa mwenye masikio yaliyovimba kwa ngumi na sauti ndogo. Jina lake Hamisi. Nilimshika mkono, ulikuwa mkono wa kweli. Akaniuliza bondia wa hapa amepigana mapambano mangapi. Nikamwambia hajawahi kuvaa glovu. Akaacha kuzungusha kitambaa.

"Mimi nimeambiwa ni bondia mwenzangu."

"Umeambiwa na mtu wa miwani?"

"Kaka, huu si mzaha. Anayejua kupigwa huanguka mapema. Asiyejua husimama, na kusimama ndiko kunakoua."

Nikamwomba asimuumize. Hakuniahidi. Alisema Limbu akijifunika kwa mikono, yeye hatamtafuta, lakini yeye akipigwa atajibu, kwa sababu mkono wake hujibu kabla hajaambiwa. Nilimwamini nusu. Nusu nyingine nilijiambia mtu wa Festo ni wa Festo tu.

Siku ya mnada nikatangaza. Nilisema: "Limbu, mbeba mizigo wa kiwanda cha pamba, hajawahi kuvaa glovu maishani mwake. Atapigana na mtu ambaye kazi yake ni kupiga watu." Nilirudia kwa Kisukuma, polepole, ili iwaingie. Nilitazama baiskeli. Wengi walikuwa wameshika usukani. Nikashukuru Mungu moyoni, nikajua hawataingia.

Tungebaki hivyo kama si mizani. Festo alitaka kuwapima mabondia mbele ya watu, kama wanavyofanya mijini, na hapa mizani ya kumpima mtu mzima hadharani ni moja, ile ya pamba. Akaazima kwa mnunuzi mmoja binafsi, akaining'iniza kwenye mti wa pale mnadani, na mabondia wakapandishwa mmoja mmoja kwenye turubai la kupimia. Nyinyi hamkuishi miaka ile. Hakuna kitu ambacho mkulima wa hapa alikichukia kama mizani ya mnunuzi. Kila mtu aliamini imechezewa, na baadhi zilichezewa kweli. Hamisi akapimwa. Limbu akapimwa, akatoka mwepesi kuliko Hamisi kwa mbali.

Mzee mmoja akapaza sauti: "Ameibiwa."

"Nani?" Festo akauliza.

"Limbu. Kilo zake mmezila. Mtu anayegeuza robota atakuwa na kilo hizo?"

Basi ikawa kesi. Watu waliokuwa kwenye mbuzi wakaacha mbuzi. Mama mmoja akasema mizani hiyohiyo ilikula pamba yake. Wengine wakaenda kuleta mizani nyingine ya jirani, Limbu akapimwa tena, ikatoa kilo tofauti kidogo, wakashangilia kama goli. Festo anaeleza kwamba kilo si pointi, mwepesi hapungukiwi kitu, hakuna anayemsikia. Jambo lilikuwa limekwisha kuwa letu: mgeni amekuja na mizani ya uongo kumdhulumu mtu wetu. Nikasikia minyororo ya baiskeli inafungwa pande zote. Nilitazama mdomo wa Festo, na hadi leo sina hakika kama alikuwa anashangaa au anatabasamu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hata Festo hakulijua. Kwetu ngoma zina pande mbili, Wagika na Wagalu. Msimu ukiisha wanashindana, siku moja, uwanja mmoja, kila upande na mwisho wake, na ngoma zinapigwa pamoja. Mshindi si anayecheza vizuri. Mshindi ni yule ambaye watu wamemhamia. Wewe unaweza kucheza hadi mguu ukatike, ila watu wakikugeuzia mgongo umeshindwa. Ukoo wa Limbu ulikuwa Wagika. Wagika wakasema tunakuja na ngoma kumtia nguvu mtoto wetu. Wagalu waliposikia, wangekaa nyumbani? Wakasema sawa, sisi ni wa Kifaru. Hawakumjua, hawakumpenda, wengine ndio walikuwa wakilia juzi kwamba Limbu kaibiwa kilo. Lakini Wagika wakiwa huku, wao lazima wawe kule.

Uwanja ulijaa. Swali la Festo lilipata jibu. Watu walitoka Nassa, walitoka Maswa, walipanda kuta. Ulingo ulikuwa matela mawili ya kubebea pamba yamesogezwa pamoja, mbavu zimeshushwa, kamba zimezungushwa. Mimi nilisimama juu pembeni na kipaza sauti. Kazi yangu ilikuwa kueleza kinachotokea. Nilikuwa na hofu. Nilikuwa namwona Limbu amevaa kaptula ya kuazima, anawatafuta watu kwa macho.

Kengele ikapigwa. Na palepale, kwa sababu kengele kwao ilikuwa ruhusa ya kuanza, Wagika wakapiga ngoma mwisho wa kaskazini, Wagalu wakapiga mwisho wa kusini. Manju wa Wagalu, kiongozi wao wa ngoma, alitoka na fisi aliye hai amefungwa kamba. Manju wa Wagika akatoka na chatu shingoni. Nani angeangalia ulingo? Watu wote waligeuka. Niliona migongo, migongo mitupu, kutoka kamba hadi ukutani, wanakimbilia kaskazini, wanakimbilia kusini, wanapima nani amehamiwa. Nilisema kwenye kipaza sauti, "Tazameni ulingoni jamani," na sauti yangu ikamezwa na ngoma. Festo alikuwa mlangoni, na yeye anatazama fisi.

Juu ya matela walikuwa watu wawili wanapigana bila mtu wa kuwatazama. Hamisi alitimiza neno lake. Limbu alijifunika kama alivyofundishwa juzijuzi, na Hamisi akawa anampapasa tu mabegani, anazunguka. Ningependa ibaki hivyo hadi kengele. Lakini Limbu hakuja pale kupapaswa. Alifungua mikono, akaivuta ngumi yake kutoka chini kabisa, kule anakoanzia kugeuza robota, ikampata Hamisi chini ya mbavu. Kifaru wa Tabora akapiga goti. Goti la kulia, juu ya ubao wa tela, nikausikia ubao. Alibaki pale akitafuta pumzi, na Limbu amesimama juu yake, akageuza kichwa kuwatazama watu.

Hakukuwa na uso hata mmoja.

Hamisi akasimama, na mkono wake ukajibu. Mara moja tu. Limbu alianguka taratibu, kwa ubavu. Refa akasimamisha. Hamisi mwenyewe ndiye aliyemwinua, akammwagia maji, akamshika kichwa, na niliona midomo yake inasema pole. Limbu akafungua macho, akatema damu na jino.

Jioni ile na wiki zilizofuata mji mzima ulisema Limbu kashinda. Waligeuza hesabu kwa ngoma: Wagika ndio waliohamiwa na watu wengi, kwa hiyo mtu wao ndiye aliyeshinda. Jino? Ajali. Alipewa mbuzi. Msimamizi wa kiwanda alianza kumwita bingwa. Jina lake lilijulikana hadi ziwani. Na Limbu alikuwa anakonda.

Alinijia akasema, "Kaka, mimi nilipigwa. Lakini alipiga goti. Wewe uliona."

"Niliona."

"Basi kaseme. Hicho wanachonisifia sikukifanya, nilichofanya hawakukiona. Kaseme yote mawili."

Nikaenda mnadani. Nikasimama upande wenye upepo mzuri, nikasema wazi: Limbu alishindwa, alianguka, na kabla ya kuanguka alimpigisha goti bondia wa Tabora kwa ngumi ya mbavu, nimeona kwa macho yangu. Nawaambieni, katika maisha yangu yote ya kutangaza dawa za kupe na sabuni na wachawi wa karata, sijawahi kukataliwa namna ile. Wakasema nimenunuliwa na Wagalu ili kumvua ushindi mtoto wa watu. Wengine wakasema hapana, nimenunuliwa na Limbu, hilo goti ndilo la uongo. Limbu mwenyewe alikuwa amesimama karibu na baiskeli yangu, anatazama chini.

Mzee mmoja akauliza, kwa utulivu, "Mwingine aliyeona goti ni nani?"

Wote walijua walikuwa wanatazama fisi.

Kabula akatua ungo wake wa michembe. "Mimi," akasema.

Limbu akainua kichwa. "Wewe ulisema hutakuja."

"Nilikuja. Nilisimama pale kwenye tela, upande wa kivuli. Ulimpiga chini ya mbavu, akapiga goti. Goti la kushoto."

Hakuna aliyebishana na mwanamke yule, alivyowatazama. Mzee akatikisa kichwa kukubali, akasema kama mkewe aliona, basi limeonekana. Mimi nilikuwa najua goti lilikuwa la kulia. Upande wa kivuli ndio niliosimama mimi, na sikumwona Kabula pale. Hayo ya ngumi na mbavu alikuwa ameyasikia kwenye kipaza sauti changu muda mfupi uliopita. Nikamtazama Limbu, maana alikuwa amesimama juu ya goti lile, hakuna anayelijua kuliko yeye.

Aliendelea kumtazama mkewe. Akapitisha ulimi palipokuwa na pengo la jino.

"Ndiyo," akasema. "La kushoto."

Akauinua ule ungo, akamtwisha, wakaenda. Nami nikazima kipaza sauti.